Viti Vinane vya Nairobi: Eneo Bunge la Zamani la Mathare na Watu wa Lucky Summer

Mkazi wa siku nyingi wa upande wa Lucky Summer amepiga kura katika maeneo bunge manne bila kuhamisha hata kijiko. Uchaguzi wa kwanza wa uhuru, 1963, ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya Nairobi Kaskazini Mashariki. Tangu uchaguzi wa 1969 hadi uchaguzi mdogo wa 1994, eneo bunge hilo liliitwa Mathare. Mwaka 1997 likaitwa Kasarani. Mwaka 2013 Kasarani ikagawanywa sehemu tatu, na Lucky Summer ikawekwa Ruaraka, pamoja na Baba Dogo, Utalii, Mathare North na Korogocho.

Historia ya namna hii kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya waheshimiwa: fulani alishinda, fulani akaangushwa, fulani akahama chama. Majina hayo nitayataja, maana eneo bunge la Mathare lilitoa viongozi wazito kweli kweli, akiwemo Makamu wa Rais. Lakini ukiyaacha majina na kushika kalamu ya hesabu, unakuta jambo lililowaumiza watu wa upande huu kwa muda mrefu kuliko mbunge yeyote. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi uchaguzi wa 2013, jiji la Nairobi lilikuwa na viti vinane tu bungeni. Kwa zaidi ya miaka 40 jiji lilikua, bunge nalo likakua, viti vya jiji vikabaki vinane.

Mwaka 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na maeneo bunge yakapanda kutoka 117 hadi 158. Katika mgao huo Nairobi ilipata nane: Mathare, Embakasi, Starehe, Kamukunji, Bahati, Lang'ata, Dagoretti na Parklands. Baadaye Bahati iliitwa Makadara na Parklands ikaitwa Westlands. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini. Gawanya kwa nane, unapata takriban watu 63,700 kwa kila mbunge. Nchi nzima ilikuwa na watu 10,942,705, yaani kama 69,300 kwa kila mbunge. Kwa hiyo mwanzo ulikuwa wa haki, na kama kulikuwa na upendeleo wowote, jiji ndilo lililopendelewa kidogo.

Sensa ya 1979 ikapata watu 827,775. Ya 1989, watu 1,324,570. Ya 1999, watu 2,143,254. Katika kipindi hicho hicho bunge liliongezwa mara mbili: likafika viti 188 kwa uchaguzi wa 1988, na 210 kwa uchaguzi wa 1997. Viti 52 viligawanywa nchini, na Nairobi haikupata hata kimoja. Kufikia 1999 mbunge mmoja wa Nairobi alikuwa na wastani wa watu 268,000, ilhali wastani wa taifa ulikuwa kama 136,600. Sauti ya mkazi wa jiji ilikuwa imepunguzwa kwa nusu, na hakuna sheria iliyopitishwa kusema ipunguzwe. Ilitosha tu kutofanya lolote.

Mbunge wa kwanza wa upande huu alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki. Alichaguliwa 1963 kwa tiketi ya KANU na akaendelea kuchaguliwa hadi 1983. Miaka 20 ni umri wa kizazi kizima. Alipoingia bungeni, sehemu kubwa ya ardhi kati ya Mto Mathare na Barabara ya Thika ilikuwa bado na nafasi. Viwanda vya Ruaraka vilikuwepo, kiwanda cha bia kikiwa kimeanzishwa 1922, lakini hakukuwa na msongamano unaouona leo. Alipoondoka, bonde la Mathare lilikuwa limejaa, na Korogocho imeota kutokana na watu waliosukumwa kutoka karibu na katikati ya mji katika miaka ya 1970. Waiyaki aliijua siasa ya mtaa wa mabanda mapema, lakini kuanzia 1974 hadi 1979 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ni heshima kubwa kwa eneo bunge kuwa na waziri wa ngazi hiyo. Ni vigumu vilevile kuona jinsi mtu anayeiwakilisha Kenya New York na Addis Ababa angepata muda wa kushughulikia mfereji wa maji ulioziba kwa wapiga kura wake.

Mwaka 1983 Waiyaki aliangushwa na Andrew Ngumba, aliyekuwa Meya wa Nairobi kuanzia 1977 hadi 1980. Ngumba alilijua jiji kwa undani, na jina lake bado liko kwenye mtaa wa Ngumba, kando ya Barabara ya Thika. Ushindi huo ungeweza kuwa mwanzo mzuri, maana hatimaye eneo bunge lilimpata mtu wa serikali ya mtaa. Lakini mwaka uliofuata kampuni yake ya fedha, Rural Urban Credit Finance, iliporomoka, naye akakimbilia Sweden. Wapiga kura wake hawakupata mbunge mpya hadi uchaguzi mdogo wa 1986.

Hapa napenda msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu kipindi hiki hakikumbukwi inavyostahili. Mwaka huo huo wa 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuliweka jiji chini ya Tume ya Jiji iliyoteuliwa kutoka juu. Tume hiyo ilikaa hadi 1992. Kwa karibu miaka tisa mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumchagua. Mbunge ndiye aliyekuwa mwakilishi wake pekee aliyepigiwa kura. Sasa fikiria hali ya watu wa Mathare: diwani hakuna, na mbunge yuko Ulaya. Taka zisipozolewa, taa za barabarani zikikatika, ubomoaji ukija alfajiri, mwananchi angemwendea nani? Chifu, ambaye ni mwajiriwa wa serikali ile ile. Au kamati ya chama kimoja. Mitaa mingi ya mashariki mwa jiji ilipanuka katika miaka hiyo hiyo, na ilipanuka bila mtu aliyechaguliwa kuisimamia. Tukiona leo vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, tusiwalaumu wapangaji na wenye ploti peke yao. Mpango wa mji unahitaji mtu wa kuwajibishwa, na hapa hakuwepo.

Aliyeshinda uchaguzi mdogo wa 1986 alikuwa Dkt. Josephat Karanja, msomi aliyekuwa balozi wa Kenya London katika miaka ya kwanza ya uhuru, kisha Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1988 ulikuwa mwaka wa kura ya mlolongo: wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya picha au wakala wa mgombea, na aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mchujo huo alihesabiwa kuwa ameshinda moja kwa moja. Machi mwaka huo, baada ya uchaguzi, Rais Moi alimwondoa Mwai Kibaki kwenye wadhifa wa Makamu wa Rais na kumteua Karanja. Mbunge wa Mathare akawa mtu wa pili nchini.

Hakumaliza miezi 14. Mwaka 1989 mbunge wa Embakasi, David Mwenje, jirani yake kabisa wa kisiasa, alisimama bungeni na kuongoza mashambulizi yaliyoishia kwa hoja ya kutokuwa na imani naye. Karanja alishutumiwa kwa majivuno na kwa njama za kisiasa, akakana, lakini Mei 1989 alijiuzulu. George Saitoti akashika nafasi yake. Wanahistoria wamelichambua tukio hilo kama mchezo wa madaraka wa Ikulu, na walichosema ni kweli. Mimi naliangalia kutoka chini. Maeneo bunge mawili makubwa ya mashariki mwa Nairobi, Mathare na Embakasi, yenye matatizo yale yale ya maji, vyoo, shule na usalama, wabunge wao walitumika kuangushana kwa ajili ya vita visivyokuwa vya wapiga kura wao. Katika kumbukumbu za siasa za wakati huo, jina Mathare linatajwa mara nyingi sana, na karibu mara zote si kwa habari ya watu wanaoishi Mathare.

Vyama vingi viliporudi, Nairobi ilionyesha msimamo wake. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, FORD-Asili ilichukua viti sita kati ya vinane, Mathare kikiwemo. FORD-Kenya ikapata Lang'ata kupitia Raila Odinga, na KANU ikabaki na Westlands peke yake. Mwaka 1994 kukawa na uchaguzi mdogo Mathare, na Ochieng Mbeo wa FORD-Kenya akashinda. Matokeo hayo mawili, yaliyotofautiana kwa miaka miwili tu, yanaonyesha sura halisi ya eneo hilo: Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengine waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta, na ambao kura zao zingeweza kuinamia upande wowote kulingana na jinsi vyama vilivyoungana au kugawanyika.

Je, hii ndiyo sababu Nairobi ilinyimwa viti 1997? Serikali iliyopata kiti kimoja kati ya vinane haikuwa na hamu ya kuongeza viti mahali hapo. Hilo linaeleza mgao wa 1997. Halielezi wa kabla ya 1988, ambapo kila mbunge alikuwa wa KANU na hakukuwa na upinzani wa kuogopwa kwenye sanduku la kura. Kwa maoni yangu, mzizi ni wa zamani zaidi, na uko kwenye imani iliyokuwa imeenea kwamba mtu wa Nairobi ana kwao kwingine. Yuko jijini kutafuta riziki; kura yake, kaburi lake na mbunge wake wa kweli wako ushago. Imani hiyo ilikuwa na ukweli kiasi fulani 1969. Kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na watu wazima waliozaliwa Korogocho na Baba Dogo ambao ushago waliuona wakati wa mazishi tu, na ramani ya uchaguzi iliendelea kuwachukulia kama wageni wa muda.

Kilichobadilika 1997 kilikuwa jina. Mathare likawa Kasarani, jina ambalo nchi nzima ilikuwa imelizoea kwa sababu ya uwanja wa michezo uliotumika katika Michezo ya Afrika ya 1987. Wabunge waliofuata walikuwa Adolf Muchiri, kisha William Omondi mwaka 2002 wimbi la NARC lilipopita, na Elizabeth Ongoro wa ODM mwaka 2007. Bonde lenyewe la Mathare lilikuwa upande wa Starehe.

Katika kipindi cha Kasarani, mipaka ilianza kugusa mfuko. Kabla ya 2003, kuwa na eneo bunge kubwa mno kulimaanisha kumkosa mbunge ofisini. Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF, ilipopitishwa mwaka huo, kulimaanisha pia kukosa pesa. Robo tatu ya fedha za hazina ziligawanywa sawasawa kwa kila eneo bunge, bila kujali idadi ya watu. Robo iliyobaki ndiyo iliyofuata kiwango cha umaskini. Sensa ya 2009 ilipata watu 525,624 Kasarani. Lamu Mashariki haikufikisha watu 20,000. Maeneo bunge yote mawili yalipata fungu moja katika ile robo tatu. Siwaonei kijicho watu wa Lamu Mashariki, ambao wana visiwa vyao, safari zao za mashua na uhaba wao wa hospitali. Lakini mtoto wa Korogocho aliyeomba basari alikuwa akigombania fungu lile lile na watu zaidi ya mara 25.

Na basari ndiyo siasa inayoeleweka Lucky Summer. Katika mitaa hii shule za umma ni chache kuliko watoto, na familia nyingi hupeleka watoto katika shule ndogo za binafsi zilizojengwa kwa mabati kati ya ploti. Darasa jipya katika shule ya umma, kituo cha polisi, ofisi ya chifu, karo ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza: haya ndiyo mambo ambayo CDF ilikuwa ikiyafanya. Mahali ambapo fedha hizo zilikuwa nyembamba, mzazi alilipa tofauti kutoka mfukoni mwake, naye ni mzazi wa kibarua cha siku katika viwanda vya Baba Dogo.

Kuna jingine lisilohesabika kirahisi. Baada ya uchaguzi wa 2007, mitaa ya Mathare North, Korogocho na Baba Dogo ilikuwa miongoni mwa sehemu za jiji zilizoathirika na vurugu, majirani wakatengana kwa misingi ya kabila, na ugomvi wa kodi ya nyumba ukageuka kuwa ugomvi wa nani ana haki ya kukaa wapi. Sidai kwamba mipaka ya uchaguzi ndiyo iliyoleta vurugu hizo. Nadai kwamba kiti kimoja kinachowaniwa na nusu milioni ya watu wa jamii nyingi kinakuwa cha kufa na kupona. Anayekishinda anachukua kila kitu, na anayeshindwa anabaki mtupu kwa miaka mitano, akiwa na jirani anayemkumbusha.

Katiba ya 2010 ilikuja na hesabu mpya. Kifungu cha 89 kiliweka maeneo bunge 290 na kikasema idadi ya watu ndiyo iwe msingi. Kwa sensa ya 2009, watu 38,610,097, kipimo kikawa takriban watu 133,000 kwa kila eneo bunge, huku majiji na sehemu zenye watu wachache zikiruhusiwa kwenda juu au chini ya kipimo kwa asilimia 40, na sehemu nyingine kwa asilimia 30. Kazi iliyoanzwa na tume ya mipaka ya Andrew Ligale ilikamilishwa na tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, iliyochapisha mipaka Machi 2012. Nairobi ikatoka viti vinane hadi 17. Kasarani ikazaa Kasarani mpya, Roysambu na Ruaraka. Embakasi, iliyokuwa na watu 925,775, ikawa tano.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini rudia hesabu. Kasarani ya zamani, kwa kipimo kamili, ilistahili karibu maeneo bunge manne, ikapata matatu. Embakasi ilistahili karibu saba; ikapata matano. Nairobi nzima, yenye watu 3,138,369, ilistahili zaidi ya 23, ikapata 17. Ule uhuru wa asilimia 40 ulitumika wote kwa upande mmoja, kuyajaza maeneo bunge ya jiji hadi pomoni. Sababu iko wazi: Katiba yenyewe, katika masharti ya mpito, ilisema ukaguzi wa kwanza usifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Maeneo bunge 27 yaliyokuwa na watu wachache kuliko kiwango cha chini kilichoruhusiwa yalilindwa, na viti vyao vikatoka katika 290 vile vile.

Katika mgao huo jina Mathare lilirudi, kwenye ardhi nyingine. Eneo bunge la sasa la Mathare lilikatwa kutoka Starehe na lina wadi za Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko. Mathare North haimo, iko Ruaraka. Mtafiti wa leo akitafuta matokeo ya "Mathare" ya 1979 na kuyalinganisha na ya 2017 atakuwa analinganisha watu wawili wasiojuana. Nimeona makala zinazofanya hivyo, na zinapotosha. Mrithi wa eneo bunge la Waiyaki, Ngumba na Karanja si Mathare ya leo. Ni Kasarani, Roysambu na Ruaraka kwa pamoja.

Kwa Ruaraka, mgawanyo ulileta utulivu wa aina fulani katika uwakilishi: T.J. Kajwang wa ODM alishinda 2013, 2017 na 2022. Ulileta pia kitu ambacho naona kina uzito kuliko mbunge, yaani wadi na mjumbe wake katika Bunge la Kaunti. Lucky Summer ni wadi. Mtu akitaka kuuliza kwa nini barabara ya ndani haina mfereji, ana mtu mmoja wa kumuuliza, mwenye ofisi anayoweza kuifikia kwa miguu. Ukikumbuka miaka tisa ya Tume ya Jiji, utajua kwa nini nalipa jambo hili uzito.

Wako wanaosema Nairobi haihitaji viti zaidi. Jiji lina ikulu, wizara, magazeti, mahakama. Mbunge wa Turkana anasafiri siku nzima kuwafikia wapiga kura wake, wa Ruaraka anavuka barabara. Hoja hii nimeipima kwa makini, kwa sababu upana wa ardhi ni mzigo wa kweli, na Katiba yenyewe inautambua. Lakini inachanganya Nairobi ya serikali na Nairobi ya wakazi. Kuwa kilomita chache kutoka bungeni hakujawahi kumpa mtu wa Korogocho maji. Na mbunge anayevuka barabara kufikia watu laki mbili hawezi kuwasikiliza wote, hata akiamka saa kumi alfajiri kila siku.

Sensa ya 2019 imeipa hoja hii uzito mpya. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kaunti ndogo ya Kasarani peke yake, inayoijumuisha Lucky Summer, ilikuwa na watu 780,656, kubwa kuliko jiji zima lilivyokuwa 1969. Kwa kipimo cha sasa cha takriban watu 164,000, jiji linastahili karibu viti 27. Mwaka 2020 mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba ulipendekeza maeneo bunge 70 mapya, 12 kati yake yakiwa ya Nairobi. Mahakama ya Juu, Machi 2022, ilikataa sehemu hiyo kwa sababu iliingizwa bila wananchi kushirikishwa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Viti vilivyopangwa na wakubwa wawili waliopeana mkono na kuianzisha BBI vingekuwa na kasoro ile ile ya viti vilivyonyimwa.

Katiba inataka mipaka ikaguliwe kati ya mwaka wa nane na wa 12 baada ya ukaguzi uliopita. Mwaka wa 12 ulikwisha Machi 2024, IEBC ikiwa haina makamishna wa kufanya kazi hiyo. Ukaguzi huo utakapofanyika, ulinzi wa yale maeneo bunge 27 hautakuwepo tena, maana ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Idadi itabaki 290 isipokuwa Katiba ibadilishwe, kwa hiyo kila kiti kitakachokuja Ruaraka au Embakasi kitatoka mahali fulani ambapo watu nao wana mbunge waliyemzoea na jina la eneo wanalolipenda. Tume italazimika kusikiliza maoni, na maoni husikilizwa kwa wale wanaofika. Wakazi wa Lucky Summer wana haki ya kwenda kwenye vikao hivyo na karatasi ya sensa mkononi, na kudai namba iliyo yao.